Kamba za Kitanda cha Fundi

Nyanya ikilala chini haifi siku hiyo hiyo. Kwanza inalala tu kama mtu aliyechoka, majani mabichi, maua ya manjano yanachungulia, na wewe unajiambia bado, kesho nitaitafutia mti. Halafu tunda linagusa udongo. Pale linapogusa panatokea doa la maji, doa linakuwa jeusi, na konokono anakuwa ameshapita na kuacha njia yake inayong'aa kama makamasi ya mtoto. Ukilitazama kwa juu ni tunda zuri, limenona. Ukiligeuza, ni uozo mtupu.

Hivyo ndivyo zilivyokuwa nyanya za mume wangu, nami nilikuwa nimemwambia zimesimama.

Mume wangu ni fundi wa kuwamba vitanda vya kamba. Mtaa mzima unamwita Fundi, nami namwita Fundi tangu ujana, kwa sababu mara ya kwanza nilimwita hivyo kwa kumkejeli, likamganda. Watu walipohamia magodoro ya sponji na kitanda cha kamba kikawa kitu cha wazee, mikono yake ikakosa cha kushika. Ndipo akaanza nyanya. Alisia mbegu kwenye makopo ya rangi, akayapanga dirishani, akawa anayahamisha kufuata jua, asubuhi huku, jioni kule.

"Abiria wangu hawa," alikuwa akisema. "Nawabadilishia viti."

Miche ilipofikia urefu wa kiganja aliipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kipande cha udongo kati ya ukuta wetu na uzio wa mabati wa jirani, kipande kirefu na chembamba kama mkanda. Alikuwa anafukia mche wa mwisho alipopigwa na kiharusi. Nilimkuta amelala ubavu, nusu ya uso imeteremka kama mshumaa, mkono wa kulia haujui tena kwamba ni wake. Mche hakuuvunja. Alikuwa ameukumbatia kwa ule mkono mwingine.

Hospitali walimrudisha akiwa hai na akiwa kimya. Muuguzi anayepita nyumba kwa nyumba alikikataa kitanda chetu cha kamba. Alisema kinabonyea katikati, mgonjwa atapata vidonda vya mgongo. Tukaazimwa kitanda cha chuma. Kile chetu, alichokiwamba mwenyewe mwezi tuliooana, ambacho wanangu wote walizaliwa juu yake na kukikojolea, tukakisimamisha koridoni kikaegemea ukuta.

"Nguvu zake zinaweza kurudi kiasi, Bibi," muuguzi aliniambia mlangoni, sauti ameishusha. "Lakini mtu hajazwi chakula kama gunia. Lazima atake mwenyewe."

"Asipotaka?"

Akakunja mkanda wake wa kupimia presha, akautia mfukoni, akaniangalia. "Wewe ni mtu mzima," akasema.

Na Fundi hakutaka. Nilikuwa nakaa na bakuli la uji mpaka linashika ngozi juu. Kijiko kimoja kinaingia, cha pili kinagonga meno. Ameelekea ukutani, anahesabu nyufa. Mpaka siku moja, nampangusa shingo, neno likatoka limepinda kama msumari wa zamani.

"Nyanya zangu?"

Sikuwa hata nimezitazama. Tangu aanguke nilikuwa nafua mashuka na kuyaanika, nayaanua na kuyafua. Nikajibu tu, kama unavyomjibu mtoto anayeuliza mama atarudi lini.

"Zimesimama, Fundi. Wima kama askari."

Upande mmoja wa mdomo wake ukapanda. Siku hiyo alimaliza bakuli.

Sasa niambie, nani angeacha? Kila nikileta uji naleta na habari. Zimefika kiunoni. Zimetoa maua. Nyuki wamekuja, wanagombana. Kwa kila habari anafungua mdomo, natia kijiko. Nikawa namlisha uongo na uji pamoja, na vyote alivimeza. Kichwa cha kitanda kilikuwa upande wa dirisha, hivyo hakuweza kuona nje, na kile kitanda hakigeuki chumbani humo bila kwanza kulitoa kabati la nguo, na kabati lile ni la mbao za zamani, zito kama dhambi. Nilimwambia, zikianza kuwiva tutakugeuza uzione.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia siku ile aliponishika kanga kwa mkono wake wa kushoto.

"Nigeuze."

"Bado hazijaiva."

"Nigeuze. Nikiziona... nitakula."

"Kesho, Fundi. Binti yetu anakuja kesho mapumzikoni, atasaidia kusogeza kabati."

Akaiachia kanga. Akafumba mdomo, na kijiko kikabaki hewani. Hakula mchana, hakula jioni. Alikunywa maji funda moja, mengine yakateremka shingoni. Na ukimfunua shuka, mbavu zake unaweza kuzitundikia nguo.

Mchana huo huo nikaenda nyuma ya nyumba. Nilisimama pale nikashika kiuno. Zilikuwa zimetambaa chini ovyo, moja juu ya mwenzake, matawi yamelaliana kama walevi, matunda tele chini ya majani, mengine yameanza kuoza matumbo. Niliinua moja kwa mikono miwili. Nilipoiachia ikarudi chini taratibu, kama inayoniomba radhi. Angani upande wa mvua kulikuwa kumejikunja wingu la rangi ya sufuria kuukuu.

Kwanza nilitumia nilivyokuwa navyo. Mpini wa fagio. Mpini wa mwiko mkubwa. Mwavuli uliochanika, nikauchomeka kama ulivyo na nyanya nikaifunga kwenye fimbo yake kwa kipande cha soksi. Jirani yangu akachungulia juu ya mabati. Huyu tunamwita Redio, kwa sababu hazimwi.

"Mwenzangu, unazikinga jua au unazifunika mvua?"

"Nazisimamisha."

"Kwa mwavuli? Basi zinunulie na viatu!"

Nilicheka ili nisilie. Alipoona uso wangu akanyamaza, jambo ambalo kwa Redio ni kama kukatika umeme.

"Nenda kwa muuza miti," akasema. "Pale kwenye duka la vifaa. Mwambie nimekutuma mimi."

Nikaenda. Muuza miti alikuwa amekaa juu ya rundo la mirunda, anakula karanga.

"Karibu Bibi. Unajenga ghorofa?"

"Nasimamisha nyanya."

"Nyanya! Siku hizi nazo zinajengewa?"

Alinitajia bei ya mti mmoja, halafu bei ya waya. Nikamshukuru, kama unavyomshukuru daktari aliyekupa habari mbaya. Nikamuuliza kama ana vipande vya kutupa. Akatafuta kwa moyo mzuri tu, akanipa fito mbili, na zote zilikuwa zimeliwa na wadudu. Ya kwanza ilikatika nikiwa bado njiani, nimeigeuza mkongojo. Nilimtaja Redio pia, ila aliposikia jina hilo akaongeza bei kidogo.

Zamani ungetoka na panga ukaingia porini. Hapa kwetu pori limebaki kwenye majina ya mitaa.

Nilirudi nyumbani nimechoka, nikapita koridoni, na bega langu likagonga kitanda chetu. Kikatoa ule mlio wake. Nikasimama.

Sijui kama umewahi kukitazama kitanda cha kamba vizuri. Kina mifumbati miwili mirefu ya ubavuni, miwili mifupi ya kichwani na miguuni, na matendegu manne ya kukibeba. Na kamba! Ukiifumua kamba ya kitanda kimoja inatoka mlangoni kwetu, inavuka barabara, inafika kwa muuza miti na kumwamkia. Nilikuwa natafuta miti na kamba mtaa mzima, na miti na kamba vimenisimamia ndani ya nyumba.

Fundi huificha ncha ya kamba chini ya tendegu la kushoto, upande wa miguuni. Asiyejua atachukua kisu. Mimi najua, kwa kuwa miaka yote alipokuwa anawamba, mimi ndiye niliyekuwa namshikia ncha ya pili. Nikapiga magoti, nikaitafuta, nikaipata. Nikavuta. Kitanda kikaanza kufumuka kama sweta, na vumbi la maisha yetu yote likamwagika sakafuni. Kamba nikaizungusha kwenye kiwiko. Kisha nikachukua nyundo ili nigonge matendegu yatoke kwenye matundu yao.

Niligonga pigo la kwanza. Kutoka chumbani ikaja sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu aanguke.

Nilikimbia. Fundi alikuwa amegeuza kichwa, ananitazama mimi, si ukuta. Macho makavu, makubwa.

"Unavunja... kitanda."

Mtu aliyeunda vitanda maisha yake yote, angekosaje kuujua mlio ule? Nikabaki na nyundo mkononi.

"Nahitaji kamba, Fundi."

"Ya nini?"

Hapo ndipo nilipokaangwa kwa mafuta yangu mwenyewe. Niseme ya nyanya? Nyanya zipi, zile zilizosimama wima kama askari? Nikatafuta uongo mwingine, na kwa mara ya kwanza ukakosekana.

"Ya... kazi," nikasema.

Chozi likatoka kwenye lile jicho lisilofunga vizuri, likateremka hadi sikioni.

"Sijafa," akasema.

Akageukia ukuta. Nikamshika bega, nikamwita Fundi, nikamwita Baba Watoto, nikamwita jina la utani ambalo siwezi kuliandika hapa. Ilikuwa kama kuliita jiwe. Alidhani nimeshamzika. Alidhani nakivunja kitanda chake kwa sababu hatakilalia tena. Nikampelekea maji, akayatema. Si kwamba yalimponyoka. Aliyatema.

Ungeniuliza wakati ule, ningekwambia hivi: zikisimama atasamehe. Akiziona tu, zimesimama, matunda yanang'aa, ataelewa kitanda kimekwenda wapi. Mfa maji haachi kutapatapa, nami nilitapatapa na jembe.

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, nilichimba. Mfumbati mrefu mmoja nikausimika mwanzo wa mstari wa nyanya, mwingine mwisho, nikashindilia mawe na udongo mpaka ukasimama bila kutikisika. Ile mifupi miwili nikaiegemeza kwa ndani kama mihimili, ili kamba zisije zikaangusha nguzo. Matendegu niliyagongelea ardhini pembeni, mawili kila upande, yakawa vigingi vya kufungia. Kisha nikapitisha kamba juu, nguzo hadi nguzo, na nyingine katikati, na kutoka kamba ya juu nikateremsha vipande, kila mche na kamba yake, nikauinua mche, nikazungusha kamba kwenye shina, nikafunga.

Na nilikaza. Ee, nilikaza! Nilivyofundishwa ni hivi: mguu mmoja kwenye mti, mgongo nyuma, vuta mpaka kamba ilie. Kitanda kilicholegea ni aibu ya nyumba, Fundi alisema hivyo kila siku. Nikaipiga kamba ya juu kwa kidole, ikalia kama zeze. Kila mche niliufunga kwa fundo la Fundi, lile dogo lenye kiuno, ambalo hata watoto wanne wakiruka juu ya kitanda halifunguki.

Redio alipanda juu ya ndoo ili aone vizuri.

"Lo! Mwenzangu! Umeweka laini ya simu?"

"Unaonaje?"

"Zimependeza. Ila mbona umezikaba hivyo? Kama wezi waliokamatwa sokoni."

"Zisianguke."

"Hazianguki hizo," akasema. "Hizo hata zikitaka kupumua zitaomba ruhusa."

Sikumsikiliza. Nani husikiliza redio ambayo haizimwi? Nilikuwa naangalia nyanya za mume wangu zimesimama mstari mmoja, matunda yananing'inia hewani, safi, hakuna linalogusa chini. Moja karibu na dirisha ilikuwa imeanza kupata wekundu begani. Nilikaa juu ya jiwe nikalia, na nilidhani ni furaha.

Binti yetu alifika alasiri na kiroba cha sabuni. Ni kitindamimba wetu, anafua katika nyumba ya wageni, mikono imemchubuka na dawa. Alipoona koridoni hakuna kitanda, alisimama na kiroba begani.

"Mama. Kitanda cha Baba kiko wapi?"

Nikamwonyesha kwa nje. Alitazama nguzo, akayatambua matendegu, akashika mdomo.

"Umemwambia?"

"Akiona ataelewa. Saidia kabati."

Tulilisukuma lile kabati, yeye mbele, mimi nyuma, tukalikwamisha mlangoni, tukalikwamua. Tukashika kitanda cha chuma. Fundi alipohisi kinasogea, mkono wake wa kushoto ukatoka ndani ya shuka ukakamata bomba la dirisha. Mkono ule umevuta kamba miaka mingi. Mimi na binti yangu tulivuta upande wetu, mgonjwa asiyekula akavuta upande wake, na mgonjwa akashinda.

"Baba, tunataka uone nyanya zako," binti akamwambia.

"Hakuna... nyanya," akasema. "Mama yako... mwongo."

Binti akanigeukia. Nikatoka nje. Nyuma yangu nilimsikia akijaribu kumpa uji, akimbembeleza kwa sauti ile mimi niliyokuwa nambembelezea yeye zamani, na kijiko kikigonga meno. Kisha alinifuata jikoni.

"Tangu lini hajala?"

"Tangu jana."

"Na wewe unacheza na kamba!" akasema, halafu akasikia alichokisema, akanishika mkono. Tukakaa hivyo hivyo, hatutazamani. Mvua ikaanza kupiga bati, tone moja moja, kisha yote kwa pamoja.

Nilifurahi kusikia mvua. Nilijiambia, ingekuta nyanya ziko chini zingekwisha leo hii.

Sasa nieleze jambo ambalo nilikuwa nalijua maisha yangu yote. Kitanda cha kamba kikilegea, Fundi alikuwa anakitoa nje anakimwagia maji. Kamba ya mkonge ikinywa maji hujikunja na kujikaza. Unakimwagia ndoo mbili, unakiacha, kikilowa vizuri kinakuwa kigumu kama meza. Mimi ndiye niliyekuwa nabeba hizo ndoo! Nilijua, nami nikakaa jikoni nasikiliza mvua na kuishukuru.

Asubuhi nilifungua mlango wa nyuma nikadhani nimekosea nyumba.

Kamba ya juu ilikuwa imejikaza mpaka nguzo zimeinamiana kama wazee wanaoamkiana. Zile zilizoteremka zilikuwa zimevuta kila mche juu, kama mtoto aliyekamatwa sikio. Miche mingine mizizi myeupe ilikuwa nje, imening'inia, inadondosha maji. Mingine ilibaki ardhini, ila mafundo yalikuwa yamezama ndani ya shina, na juu ya fundo majani yote yalikuwa yameteremka, laini, kama vitambaa vya kufutia vyombo. Ile yenye wekundu begani ilikuwa imelala kifuani pake.

Nilikimbilia fundo la kwanza. Kamba iliyolowa imevimba, na vidole vyangu vina baridi yabisi. Kucha ikakatika. Nikajaribu meno, nikasikia chumvi ya mkonge na ya damu. Nikaleta kisu, lakini kamba imezama ndani ya shina, ukikata kamba unakata shina. Nilikata moja, na mche ukatoka mkononi vipande viwili. Nikakaa kwenye matope nimeshika vipande viwili, na nguo yangu ikanywa maji, na sikuweza hata kumwita binti yangu.

Kisha niliinuka nikaingia ndani hivyo hivyo, na matope, nikapiga magoti kando ya kitanda cha chuma. Nikasema na mgongo wake.

"Fundi. Nilikudanganya. Hazikusimama hata siku moja. Zilikuwa chini, zinaoza, na mimi nakuhadithia nyuki. Juzi ulipotaka kuziona nikatafuta miti, nikakosa. Nikavunja kitanda chetu nizisimamishe nacho. Si kwa sababu umekufa. Kwa sababu ulisema ukiziona utakula." Pumzi ikaniishia, nikaivuta tena. "Nimezifunga fundo lako. Nimekaza kama kitanda. Mvua imenyesha, Fundi. Zinanyongwa zote. Siwezi kufungua. Vidole havitaki."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye pindo langu. Nikaweka kile kipande cha mche kitandani, kamba ikiwa bado imekikaba, kwa sababu sikujua pa kukiweka.

Mkono wa kushoto ukasogea kwenye shuka, ukakipata. Vidole vikatembea juu ya shina, vikafika kwenye fundo, vikasimama. Vikalizunguka. Nilimsikia anavuta pumzi puani, kama zamani nikimwonyesha kazi ya fundi mwingine.

"Umevuta," akasema.

"Ndiyo nimevuta."

"Mjinga."

Sijawahi kufurahia tusi namna ile. Kisha akageuza kichwa, polepole, kutoka ukutani.

"Nipeleke."

Tulimtoa kwa kiti cha plastiki. Binti nyuma, mimi mbele, na Redio aliyeruka uzio na nguo ya kulalia, akashika miguu huku anatoa maelekezo yote ambayo hakuna aliyemwomba. Fundi alikuwa mwepesi. Hilo lilinikata maini kuliko yote: mwanamume yule niliyekuwa nashindwa kumgeuza akikoroma, tulimbeba kama kapu tupu. Kiti kikazama matopeni, kikatulia. Redio akamfungulia mwavuli, ule mzima.

Fundi akatazama mstari mzima, mwanzo hadi mwisho. Akatazama mifumbati yake, na matendegu yake yamezama ardhini hadi shingoni.

"Zimesimama," akasema.

Sikujua kama ananisuta. Mpaka leo sijui.

"Baba, tuanzie wapi?" binti akauliza.

"Tendegu." Akanyoosha kidole. "Legeza tendegu kwanza. Fundo... baadaye."

Na kweli, nilikuwa nashindana na mafundo wakati kamba yote imeshikwa na vigingi. Binti alikigonga kigingi cha kwanza upande upande kwa nyundo, kikalegea, na kamba ya juu ikashuka kwa mkoromo. Miche yote ikateremka pamoja, mizizi ikagusa udongo. Nikaanza kuifukia kwa mikono, natambaa kutoka mmoja hadi mwingine. Kisha binti akakisogeza kiti cha Fundi karibu na mche wa dirishani, na Fundi akainama, nusu ya mwili ikamsaliti, Redio akamdaka kifua. Kwa vidole vya kushoto akashika fundo.

"Usivute," akaniambia. "Sukuma. Rudisha... ndani."

Akasukuma kamba irudi ilikotoka. Mkono uliteleza, akaanza tena. Jasho lilimtoka katika baridi ile. Akateleza tena. Akatia meno, nikaona shingo yake nyembamba imekakamaa, nikataka kusema basi Fundi, inatosha, nikajizuia. Kiuno cha fundo kikafunguka. Kamba ikaachia shina, na chini yake kulikuwa na mfereji wa kijani kilichochubuka.

"Huyu," akasema, akihema, "labda."

Hakusema zaidi ya labda kwa mche wowote. Ile ya katikati ya mstari, ambayo kamba iliivuta zaidi, aliipita bila kuigusa. Nilimwuliza kwa macho, akatikisa kichwa. Tulisukuma mafundo mengine mimi na binti, yeye akituongoza kwa neno moja moja, na kila tulipovuta badala ya kusukuma alivuta ile pumzi yake ya puani. Tulipofunga upya, alinionyesha kwa kidole hewani: kitanzi kipana, kinachopishana katikati, kidole kipite kati ya kamba na shina. Nilipitisha kidole changu. Kikapita.

"Imelegea mno," nikasema. "Itaanguka."

"Itaegemea," akasema.

Mvua ilirudi kidogo kidogo. Binti akataka tumwingize ndani. Akakataa, akashika mkono wa kiti kama alivyoshika bomba la dirisha. Ilibaki kamba ndefu ya kuvingirisha, ile iliyozidi, imelala matopeni. Nikaanza kuivingirisha kwenye kiwiko, ikajisokota. Fundi akanyoosha mkono wake mzima. Nikampa ncha.

"Shika," nikasema.

"Nimeshika."

Nikarudi nyuma taratibu na kamba, yeye akaikaza kwa upande wake, kiasi tu. Majani ya nyanya yalikuwa bado yameteremka, hakuna hata moja lililokuwa limeinuka, na sikujua kama litainuka. Binti alitoka jikoni na bakuli, amelifunika kwa kiganja mvua isiingie. Akachuchumaa mbele ya baba yake. Hakusema lolote kuhusu nyanya, wala kuhusu nyuki. Akainua kijiko.

Fundi akakitazama. Akanitazama mimi, mwisho ule mwingine wa kamba. Akafungua mdomo, akameza, akakunja uso ule upande unaoweza kukunjwa.

"Uji huu," akasema, "maji matupu."

"Samahani Baba. Kesho nitaukoroga mzito."

"Leo," akasema Fundi.

Nikaiweka kamba chini nikaenda jikoni kuongeza unga.